Chumba Namba 6

Kisa hiki ni cha Dandora, mtaa wa Nairobi, na mimi nilikuwa katibu wa kikao kilichokisikiliza. Majina nimeyaacha nje, na mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyageuza. Hesabu sijazigusa, maana ugomvi wenyewe ulianzia kwenye hesabu.

Marehemu nitamwita Shosho, kama ploti nzima ilivyomwita. Alikuwa mmoja wa waliobahatika katika ule mradi wa Baraza la Jiji na Benki ya Dunia ulioanza 1975, wa ploti 6,000 hivi. Ulikuwa unakabidhiwa kipande chenye choo na bafu, basi. Vyumba ujenge mwenyewe kwa mwendo wa mfuko wako. Mfuko wa Shosho ulikwenda polepole. Chumba cha kwanza kilisimama kwa pesa za chama cha akina mama waliochangiana kwa zamu, cha pili kwa kuuza uji, na vikaendelea hivyo hadi vikafika tisa vinavyotazamana, mfereji mmoja katikati na kamba za nguo juu ya vichwa vya watu.

Aliacha watoto watatu. Kifungua mimba ana duka la vifaa vya ujenzi Kitengela. Wa kati ni muuguzi Uingereza, na kwenye kikao alihudhuria kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Kitinda mimba anauza mitumba Gikomba, na ndiye aliyekaa na mama yake miezi ya mwisho. Baba yao alitangulia zamani. Shosho alifariki Machi, bila karatasi yoyote ya wosia.

Matanga yalipoisha, kifungua mimba alifungua sanduku la mama yake akakuta madaftari 14 yamefungwa kwa kipande cha leso. Kila mwaka daftari moja la kurasa 96, lile lenye tebo nyuma. Kila ukurasa mwezi, kila mstari chumba. Shosho alijifunza kuandika ngumbaro akiwa mtu mzima, na mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa zilizosimama wima, kila moja peke yake. Chumba 1, 2,800. Chumba 2, 1,500, bado 1,300. Chumba 4, alihama usiku. Chumba 6, imelipwa.

Mwezi uliofuata, chumba 6, imelipwa. Na uliofuata. Kwenye mstari huo hakuna namba hata moja, kuanzia Juni ya daftari la kwanza hadi Desemba ya daftari la kumi na nne. Nilihesabu mwenyewe: mara 163. Ilhali kwenye kitabu cha benki, ambako Shosho alikuwa akipeleka kodi kila tarehe kumi, jumla ya kila mwezi ilikuwa ni ya vyumba vinane tu.

Kifungua mimba ni mtu wa duka. Alichukua simu akazidisha 163 kwa 3,000, ikaja 489,000. Nusu milioni imeyeyuka, na aliyekuwa akizunguka milangoni na kifuko cha kodi ni mzee mmoja msimamizi wa ploti, wa siku nyingi, asiye na mtu wa kumtetea. Hata ningekuwa mimi ningemshuku. Akampigia simu usiku, wakatupiana maneno, na asubuhi yake msimamizi akaja kwa mwenyekiti wetu wa nyumba kumi akiwa amevaa koti, kama mtu anayekwenda kortini, akasema anataka kusafishwa jina mbele ya watu.

Ndivyo tulivyojikuta uani Jumamosi ya Mei, viti vya plastiki vya kukodi, chai ya maziwa kwenye chupa mbili. Mwenyekiti ni mstaafu wa reli, mzee wa maneno machache. Vikao vya namna hii si mchezo wa mtaani tu; Katiba ya 2010, Ibara ya 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia za kusuluhisha migogoro nje ya korti, za jadi zikiwemo. Ila kikao hakiwezi kugawa mali ya marehemu, na hilo mwenyekiti alilisema kabla chai haijamiminwa.

Kifungua mimba alisoma hesabu zake. Msimamizi aliinamisha kichwa asiseme kitu, na kimya chake kikaanza kumhukumu. Hapo akasimama fundi wa chumba 6.

Ni mshonaji. Cherehani yake ya mguu hukaa penye lango, chini ya kipande cha bati, na sare za watoto wa mtaa mzima zimepita chini ya sindano ile. Alisema, "Kaka, mzee huyu hajala kitu. Mimi sijawahi kulipa kodi ya nyumba hapa. Hata mwezi mmoja."

Ikabidi asimulie. Aliingia Juni hiyo akiwa na mtoto wa miaka mitatu na mfuko mmoja wa nguo, ametoka kwa mume usiku. Mwisho wa mwezi alimpelekea Shosho elfu moja. Shosho akaipokea, akaifunga kwenye leso ya mtoto, akamrudisha mtoto nayo mlangoni. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Wa tatu Shosho akamwambia asimsumbue tena na mambo ya kodi, wakaendelea kuchambua mboga. "Sikuwahi kujua anaandika nini kwenye daftari," alisema. "Nilidhani ananiandika deni. Kila mwaka nilikuwa nalihesabu kichwani."

Sijui kama msomaji ameliona hilo. Mwanamke alikaa miaka 13 na miezi saba akibeba deni ambalo mwenye kudai alikwisha kulifuta kwa kalamu, mwezi kwa mwezi, hatua kumi kutoka mlangoni kwake.

Msimamizi alisafishwa hapo hapo, na kifungua mimba akamwomba radhi kwa kumshika mkono kwa mikono miwili. Sehemu hiyo ilichukua dakika tano. Iliyobaki ilichukua saa nne.

Maana swali lilikuwa limegeuka. Mwizi hayupo, sasa chumba 6 ni nini? Kifungua mimba na dada zake walikuwa wamekubaliana kuvunja upande mmoja wa ploti wajenge ghorofa, kama jirani wote wanavyofanya. Chumba 6 kiko upande huo.

Jirani mmoja anayependa kuzungumza sheria alikuwa ameshamnong'oneza fundi kwamba ukikaa mahali zaidi ya miaka 12 pamekuwa pako. Maneno haya nayasikia kila mtaa na yameshawaingiza watu wengi hasarani. Ni kweli Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inaweka miaka 12 kwa mwenye ardhi kudai ardhi yake. Lakini anayenufaika ni yule aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe, wazi, kama mali ni yake. Aliyekaribishwa hana dai hilo, hata akae miaka 40. Ukiitazama vizuri inachoma: angekuwa mvamizi, fundi angekuwa na kesi. Wema aliotendewa ndio uliomfungia mlango wa korti.

Kitinda mimba alileta jambo zito zaidi. Alisema Februari, hospitalini, mama yake alimwambia, "Wa sita asisumbuliwe." Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inaukubali wosia wa mdomo, lakini mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Miezi ilitosha. Shahidi alikuwa mmoja. Na hata wangekuwa kumi, asisumbuliwe hadi lini? Mtoto amalize shule? Fundi afe? Wajukuu zake nao wasisumbuliwe? Maneno ya mgonjwa kitandani yana joto, lakini hayana mipaka.

Mtu mwingine akataja kifungu cha 29 cha sheria hiyo hiyo, kinachowahesabu miongoni mwa wategemezi watoto ambao marehemu aliwachukua kuwa wake, kama alikuwa akiwatunza hadi kufa kwake. Kijana wa fundi amekula kwa Shosho tangu ana miaka mitatu. Sasa yuko kidato cha nne. Mwanasheria hodari angeweza kuisukuma hoja hiyo mbali kiasi. Fundi aliikata mwenyewe: "Mtoto wangu ana mama. Sitamfanya yatima wa Shosho ili nipate chumba." Nikaandika, na nikaona aibu kidogo kwamba tulikuwa tumeanza kulifurahia wazo lile.

Kwa hiyo kisheria jambo halikuwa na utata. Shosho hakuacha mume, basi mali inagawanywa sawa kwa watoto watatu chini ya kifungu cha 38. Fundi hana haki ya chumba. Na watoto nao, kabla ya korti kuwapa barua za usimamizi wa mirathi, hawana ruhusa ya kumtoa wala kuvunja ukuta. Kifungu cha 45 kinasema anayejitwalia mali ya marehemu bila mamlaka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hapo kifungua mimba aliguna. Alikuwa ameshaagiza mawe.

Sasa hili la "imelipwa". Kila mtu alikuwa na maelezo yake.

Wazee wengi walisema fundi alilipa kwa utumishi. Alimshonea Shosho, alimpeleka kliniki usiku kwa bodaboda, alimwosha mgongo miguu ilipovimba. Ni maelezo matamu, yanamwacha kila mtu na heshima yake. Fundi aliyakataa kwa sauti ya juu kuliko yote aliyosema siku ile: "Nilimwosha kwa sababu alikuwa mama kwangu. Msinihesabie." Na alikuwa na haki. Ukishaanza kuandika bei ya kumwosha mtu mgongo, umemnyang'anya fundi zawadi yake yeye, ile aliyompa Shosho.

Bibi mmoja wa chama cha zamani, ana zaidi ya miaka 80, alileta habari ya Majengo, sehemu ya Pumwani. Shosho alipoingia Nairobi msichana, alipokewa Pumwani na mama mmoja mwenye nyumba. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa ambao Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao, na wenye nyumba si wachache walikuwa wanawake. Huyo mama alimlaza Shosho ukumbini kwenye mkeka miaka miwili, bila kodi. Shosho alipopata ploti Dandora na kushika pesa, akarudi na bahasha. Mama alikuwa ameshafariki. Watoto wake wakamwangalia, wakamwambia hawamjui na hawana daftari lake. Akarudi nayo.

Je, "imelipwa" ilikuwa bahasha ile? Bibi alisema ndiyo bila kusita. Mimi siwezi kuapa. Kumbukumbu ya miaka hamsini hupenda kujishona upya kila inaposimuliwa, na bibi mwenyewe mwanzoni alisema ni Majengo, baadaye akasema Shauri Moyo. Lakini nimeiandika kwa sababu ya wale watoto wa mama mwenye nyumba. Hawakukosea. Hawakujua. Mama yao alitenda wema akaenda zake, kama methali inavyoagiza, na wao wakabaki mlangoni mbele ya mgeni mwenye bahasha wasijue washike nini.

Maelezo ya tatu yalikuwa ya kifungua mimba, na ndiyo ninayoyaamini zaidi, ingawa ndiyo yaliyouma. Kila Desemba, kwa miaka yote hiyo, alikuwa akija kukaa na mama yake mezani kupiga jumla za mwaka. Daftari lilipita mikononi mwake kila mwaka. "Niliisoma 'imelipwa' nikapitiliza," alisema. "Aliandika hivyo ili mimi nisiulize."

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake. Dawa za presha na za sukari za mama yake alikuwa akinunua yeye, kila mwezi, duka likiuza lisiuze. Mara mbili alichelewesha karo ya binti yake. "Kumbe mama alikuwa na chumba cha kutoa. Mimi ndiye nimekuwa nikimlipia huyu dada nyumba, na hakuna aliyeniambia hata nipate kusema ndiyo."

Nimeona wengi wakisoma visa kama hiki na kumgeuza mtoto mkubwa kuwa mchoyo wa hadithi. Sikumwona hivyo. Nilimwona mtu aliyetoa miaka 13 bila kujua anatoa, na kutoa bila kujua ni sawa na kuibiwa, hata kama aliyechukua ni mama yako na aliyepewa alikuwa na shida ya kweli.

Shosho alikuwa mtu wa kanisa, na tunajua kilichofundishwa: utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Fundisho hilo linamlinda anayepokea asiaibishwe, na linamlinda anayetoa asivimbe kichwa. Shosho alilitii vizuri sana. Lakini lina gharama ambayo sisi hatuizungumzi: watoto nao ni mkono wa kushoto. Waliona ploti, wakaona kodi, wakaona madaftari. Kutoa hawakukuona. Kisha akafa, na mtaa mzima ukawageukia kana kwamba ukarimu ni kiti kilichobaki sebuleni, wao wakalie tu. Watarithije kitu walichofichwa? Angemwambia tu kijana wake Desemba moja, "Huyu wa sita halipi, wewe waonaje?", pengine wangegombana. Lakini angekuwa na miaka ya kuzoea, kukataa, kubadili mawazo, hata siku moja kumpelekea fundi unga kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa jinsi nilivyokuwa nimeguswa, nilikosea. Nilimgeukia kifungua mimba nikaanza, "Lakini kaka, mama yenu angetaka..."

Mwenyekiti alinikata. "Katibu, andika. Usimtumie marehemu kama askari kanjo." Akamwambia kifungua mimba, "Kijana wangu, mama alitoa cha kwake. Hiki sasa ni chenu watatu. Ukisema dada huyu atoke kwa utaratibu, hakuna mzee hapa atakayekulaani. Sema unachotaka wewe."

Tulikaa kimya muda mrefu. Simu kwenye kopo la sukari ikakatika, ikapigwa tena. Dada wa kati alisema wazi kwamba ana mkopo wa nyumba huko aliko, na anataka fungu lake lizae. Hana ubaya na mtu. Hakuna aliyemlaumu, nami nilimshukuru kwa kutotupotezea muda. Kitinda mimba alitaka fundi akae bure daima, naye nadhani alisema hivyo kwa uchungu zaidi kuliko kwa hesabu, maana thuluthi mbili za "bure" hiyo hazikuwa zake.

Kifungua mimba alizungumza mwisho. Kijana wa fundi afanye mtihani wake wa Novemba akiwa chumba kile kile. Hadi Desemba asiulizwe kitu. Januari aanze kulipa 3,500 kama wengine. Ujenzi ungoje barua za korti na ile miezi sita ya baada yake kabla ya kuombwa uthibitisho wa barua hizo, na wakati wa kuvunja ukifika, fundi apewe notisi ya miezi mitatu na chumba cha kwanza kitakachopatikana upande wa pili, akikitaka. Nusu milioni isitajwe tena. "Sisamehi deni," alisema, "kwa sababu imeandikwa imelipwa."

Fundi alikubali kulipa kabla hatujamaliza kumsomea. Nilimwona akishusha mabega. Wapo waliosikitika kwamba eti wema wa Shosho umekufa siku ile. Mimi naona mwanamke aliyekuwa akihesabu deni kichwani kila mwaka, mara hii aliambiwa kiasi.

Januari nilikwenda kushuhudia, kwa ombi la pande zote. Kifungua mimba alikuja na binti yake wa gredi ya sita, akaketi penye meza ya mama yake na daftari jipya, la kumi na tano. Msimamizi alileta za vyumba vingine. Fundi akaleta yake mwenyewe: noti tatu za elfu na moja ya mia tano, zimenyooshwa. Kifungua mimba akahesabu, akaandika 3,500 kwenye mstari wa 6. Kisha akairudisha ile mia tano, akasema iwe nauli ya kijana wa fundi ya kwenda kuangalia matokeo.

Nikakohoa. Nikamkumbusha kwamba mali bado ni ya watu watatu, na daftari linasema 3,500.

Aliniangalia, akaangalia daftari. Akatoa pochi, akachomoa mia tano ya kwake, akaiweka kwenye bahasha ya kodi. Binti yake, aliyekuwa ameketi kwenye stuli akichezea utepe wa leso ya madaftari, akauliza, "Baba, hiyo ni ya nini?"

Akavuta stuli ya mtoto karibu na meza, akaanza kumweleza.